Jicho la mwaka jana, ganzi ya mwaka huu: je, ni MS?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Tanga. Mwaka jana, wiki chache baada ya Idd, jicho la kulia lilianza kuuma, hasa nikiligeuza kutazama pembeni. Ndani ya siku tatu nne likaingia ukungu hadi nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilipewa dawa ya matone, baada ya wiki kama tatu likapona, nikasahau. Mwezi huu nyayo zimeingia ganzi, ganzi ikapanda mpaka kiunoni, na chini ya matiti kunabana kama nimefungwa mkanda. Nikiinama kurukuu, kitu kama shoti ya umeme kinashuka mgongoni hadi miguuni. Nimepimwa malaria na taifodi, nikaambiwa nina mawazo mengi. Mama mkubwa anasema nimekanyaga kitu. Kaka yangu aliyeko Muscat amesoma mtandaoni, anasema hizi ni dalili za MS. Je, ni kweli? Na nikitaka kujua, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa hayo unayopitia huku watoto wanakutazama na kazi za wateja zinakungoja.

Kabla hujasoma zaidi, jiulize mambo matatu. Haja ndogo inatoka kama kawaida, au unakaa chooni ukiisubiri? Ukijisafisha baada ya choo, unauhisi mkono wako mwenyewe? Ukipanda ngazi, miguu inakubeba au imeanza kulegea? Ikiwa mkojo umegoma, sehemu za siri zimekufa ganzi, au miguu inaishiwa nguvu, liache jibu hili hapa uende hospitali leo, hata kama ni usiku. Ganzi iliyopanda hadi kiunoni pamoja na kubanwa kifua inanielekeza kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unaweza kukandamizwa na vitu vingine kabisa: uvimbe, diski iliyoteleza, kifua kikuu cha pingili za mgongo. Hivyo havisubiri foleni ya kliniki. Na hata kama majibu yako yote matatu ni mazuri, wiki hii isiishe hujaonwa na daktari.

Sasa kaka yako. Hakukosea kuiwaza MS, yaani maltipo sklerosisi. Sitakuambia unayo, maana hakuna daktari anayeweza kuithibitisha kwa kusoma barua. Lakini jambo zito kuliko yote katika maelezo yako umelipitia haraka, na liko kwenye neno moja: "nikasahau". Daktari aliyekuona kwa ajili ya ganzi, alijua habari ya jicho? Naona hakujua. Aliona mwanamke kijana mwenye ganzi, mwenye kazi nyingi na watoto wadogo, akasema mawazo. Aliyekutibu jicho naye hakuwa na ganzi ya kuiona. Ilikuwa bado haijaja. Kila mmoja alishika nusu ya habari. Mwenye nusu zote mbili ni wewe peke yako.

Nalikazia hili kwa sababu MS hutambuliwa kwa kuunganisha. Namkumbuka binti mmoja aliyekuja kliniki na kadi tatu za hospitali tatu, zimefungwa kwa mpira wa nywele. Moja imeandikwa jicho, nyingine kizunguzungu, ya tatu ganzi ya mkono. Kila kadi peke yake ilikuwa na maelezo yanayoingia akilini. Tulipozipanga mezani kwa tarehe, moja baada ya nyingine, zikawa ugonjwa mmoja wa miaka minne.

Nikueleze kinachotokea mwilini, utaona kwa nini. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme. Ndani kuna uzi unaopitisha habari, nje kuna utando wa mafuta unaouzunguka kama plastiki inavyozunguka waya. Utando huo unaitwa myelini. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaugeukia utando huo kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa fahamu wa jicho. Pale plastiki inapochunika, habari hupita kwa kuchelewa, hukatika, au huruka kama shoti. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hutulia, mwili huziba sehemu ya utando, ubongo nao hutafuta njia za pembeni, na dalili hupungua au hutoweka. Mgonjwa hushukuru Mungu na kurudi kazini. Kovu linabaki. Ndiyo maana Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, aliupa jina linalotaja mabaka magumu aliyoyakuta kwenye bongo za waliofariki. Wasomaji wetu wa Bukavu na Bujumbura watausikia kwa madaktari wao kwa kifupi cha Kifaransa, SEP. Ni ugonjwa huo huo.

Tuanze na jicho lako, kwa sababu ndilo linalonisemesha zaidi. Kuvimba kwa mshipa wa jicho ni mojawapo ya milango ya kawaida ambayo MS huingilia. Huja kwa jicho moja. Huuma, na huuma zaidi jicho likigeuzwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani juu ya tatizo hili, wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa na maumivu. Uoni hufifia kwa saa hadi siku, kisha hurudi kwa wiki. Jicho halina wekundu, halitoi tongotongo, na daktari akichungulia ndani kwa kifaa chake, wagonjwa wawili kati ya watatu hakuti kitu, kwa sababu uvimbe uko nyuma, mahali taa yake haifiki. Basi mgonjwa haoni vizuri, na daktari naye haoni kosa. Matone hayana kazi hapo. Jicho lingepona hata bila hayo matone, na ndivyo watu wanavyodanganyika kwamba lilikuwa tatizo dogo.

Kuna kitu unaweza kukifanya leo mezani kwako. Chukua kipande cha kitambaa chekundu kabisa, kaa karibu na dirisha, ziba jicho la kushoto ukitazame, kisha ziba la kulia ukitazame tena. Badilisha mara kadhaa. Kwa mtu aliyewahi kuvimba mshipa wa jicho, wekundu wa jicho lile mara nyingi huwa umechujuka, kama nguo iliyofuliwa na kuanikwa juani miezi sita, ingawa anasoma herufi zote za ubao wa hospitali bila shida. Ukiona tofauti hiyo, mwambie daktari. Yeye ana njia yake: atamulika tochi jicho la kushoto, ahamie la kulia, arudi la kushoto. Mboni iliyo salama husinyaa ikimulikwa. Ikiwa mboni zinatanuka pale taa inapohamia jicho la kulia, mshipa wa jicho hilo una kasoro, na hapo hakuna anayeweza kusema ni mawazo.

Utafiti ule wa Marekani uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 15 tangu jicho lilipovimba mara ya kwanza. Takriban nusu yao walikuja kupata MS. Wale ambao MRI ya ubongo, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ilikuwa safi siku ya kwanza, robo tu ndio waliopata; wenye doa moja au zaidi walikaribia robo tatu. Wengi wao walikuwa Wazungu, kwa hiyo usizichukue hesabu hizo ukazibandika kwako. Nimezitaja uone kwa nini jicho lile la mwaka jana lilistahili picha.

Shoti unayoisikia ukiinama ina jina la daktari mwingine Mfaransa, Lhermitte. Shingo ikikunjwa, uti wa mgongo hunyooshwa kidogo, na mahali palipochunika hupiga cheche. Wewe umeiona kwenye rukuu, wengine huiona wakiinama kufunga kamba za viatu au kuchota maji kisimani. Na kule kubanwa kama mkanda, wagonjwa wengi hudhani ni moyo au vidonda vya tumbo, wakanywa dawa za tumbo miezi. Ni mishipa ya uti wa mgongo inayozunguka mbavu. Lakini tahadhari: shoti ya Lhermitte si ya MS peke yake. Upungufu wa vitamini B12 unaileta, pingili za shingo zilizochakaa zinaileta, uvimbe unaileta. Inatuambia mahali penye tatizo, haituambii tatizo ni nini.

Dalili nyingine za mwanzo nitazipitia haraka, uangalie kama kuna uliyoisahau. Kuona vitu viwili viwili kwa siku kadhaa. Kizunguzungu cha kuyumba kama uko kwenye mashua, kisichoisha kwa siku nyingi. Mguu mmoja kuburuta baada ya kutembea mwendo mrefu, viatu vikachakaa upande mmoja. Mkono kuwa na nguvu lakini kukosa ustadi. Kwako ungeliona kwenye kufunga vifungo na kukata kitambaa. Mkojo kubana ghafla, huna muda wa kufika chooni. Maumivu ya ghafla ya uso kwa kijana. Na uchovu usiolingana na kazi, ule wa mtu kuamka asubuhi amechoka kama alilima usiku kucha. Huu uchovu peke yake siwezi kuufanyia lolote, una sababu mia, lakini ukiambatana na hayo mengine una uzito.

Lipo pia jambo la joto. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliandika mwaka 1890: wagonjwa wengine macho yao hufifia mwili ukipata joto, wakipoa yanarudi. Jiulize kama jicho lile hufifia ukioga maji ya moto, ukisimama jikoni kwenye moto wa kuni, au ukitembea juani saa saba. Tanga si mji wa baridi, utakuwa umeshaona kama lipo. Ikitokea, si shambulio jipya, ni kovu la zamani linalokumbushwa na joto. Homa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu daktari makini hupima mkojo kwanza kabla hajasema ugonjwa umerudi. Tunachokiita shambulio la kweli ni dalili inayodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi. Kwa kawaida huchukua siku hadi wiki. Ganzi ya dakika tano baada ya kukalia mguu, au vidole vinavyokufa usiku ukilalia mkono, si MS. Nasema hivi kwa ajili ya wasomaji wengine watakaosoma hapa na kulala wakijikagua viganja. Fundi cherehani anayepata ganzi ya vidole vitatu vya mkono anaoutumia zaidi, usiku, ana uwezekano mkubwa zaidi wa mshipa kubanwa kwenye kifundo cha mkono kuliko MS.

Je, sisi tunaupata? Wengi wameambiwa ni ugonjwa wa Wazungu, na kuna madaktari walioondoka chuoni na imani hiyo. Ni kweli kwamba ni wa nadra zaidi karibu na ikweta, na huzidi kadiri unavyokwenda mbali nayo. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 2.8 wanaoishi nao, wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume, na wengi huanza kati ya miaka 20 na 40. Lakini nadra si kutokuwepo, na mahali ambapo MRI ni chache na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wa kuhesabika, wagonjwa wengi hawaingii kwenye hesabu yoyote. Nchi za Ghuba, alipo kaka yako, zimeshuhudia wagonjwa wanaotambuliwa wakiongezeka katika miongo ya karibuni, ndiyo maana huko jina la MS si geni mitaani. Kuhusu chanzo, utafiti uliotoka mwaka 2022 kwa kutumia damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr huongeza hatari ya MS mara 32. Usikimbilie kupima virusi hivyo. Karibu kila mtu mzima anavyo, na walio wengi hawaugui MS kamwe. Sigara na upungufu wa vitamini D vinachangia pia. Hauambukizi. Watoto wako hawataupata kwa kulala nawe, na hata kwa kurithi, mtoto wa mwenye MS ana uwezekano wa takriban 2 kati ya 100.

Sasa nifike mahali ninapotaka utulie zaidi, kwa sababu hapa ndipo makosa makubwa hutokea kwetu. Dalili zako zinaweza kuwa MS, na zinaweza kuwa ndugu zake wanaofanana naye sura. Mmoja unaitwa NMO, kwa maelezo mafupi ni ugonjwa wa kinga unaolenga macho na uti wa mgongo. Kwa muda mrefu ulidhaniwa ni aina ya MS, mpaka mwaka 2004 ilipogunduliwa kingamwili yake katika damu, ile inayolenga proteni iitwayo akwaporini 4. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko Wazungu. Na wewe una jicho na uti wa mgongo, picha yake kabisa. NMO hupiga kwa nguvu zaidi, huweza kupiga macho yote mawili, na huacha baka refu kwenye uti wa mgongo, pingili tatu au zaidi, wakati la MS ni fupi. Ina dalili moja ya ajabu: kwikwi au kutapika kusikokoma siku nyingi, dawa za tumbo hazisaidii. Kama uliwahi kupata kwikwi ya wiki nzima, hata miaka mitatu iliyopita, niandikie hilo kwa herufi kubwa. Jicho lako kupona vizuri linanifanya niielekee MS kidogo zaidi, lakini kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Ni lazima kifanyike kabla ya dawa za muda mrefu, kwa sababu baadhi ya dawa za MS, interferoni mojawapo, huufanya NMO kuwa mbaya zaidi. Kuna na ndugu wa tatu, kingamwili yake inaitwa MOG, hupimwa pamoja. Mara nyingi sampuli hupelekwa nje ya nchi, na majibu huchukua wiki, kwa hiyo zitolewe mapema.

Kisha kuna magonjwa ya kwetu ambayo kitabu cha Ulaya huyataja ukurasa wa mwisho. Damu yako ipimwe VVU na kaswende. Usione haya, kila mgonjwa wangu mwenye tatizo la uti wa mgongo hupimwa. Ipimwe vitamini B12, hasa kama huli nyama wala mayai, au unatumia metformini kwa kisukari. Virusi vya HTLV-1 hukakamaza miguu polepole. Kifua kikuu nimeshakitaja. Waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria au kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga waseme, maana mayai ya kichocho huweza kukwama kwenye uti wa mgongo, na hilo hutibika. Konzo, ugonjwa wa mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, unaojulikana Kongo na uliowahi kuonekana Tanzania wakati wa ukame, hukakamaza miguu yote miwili kwa ghafla lakini hauleti ganzi ya aina yako wala hauondoki. Kwako siuoni.

Njia ya kwenda ni hii. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, si zahanati, na uombe kuonwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Sema sentensi moja kabla ya zote: "Mwaka jana nilipoteza uoni jicho moja kwa wiki tatu, mwaka huu nina ganzi mpaka kiunoni." Usianze na uchovu, usianze na mawazo. Sentensi hiyo itamfanya ainue kichwa kutoka kwenye kompyuta. Atakugonga magoti kwa nyundo ya mpira, atakukwaruza nyayo kwa ncha ya ufunguo aone kidole gumba kinapanda au kinashuka, ataweka chuma kinachotetema juu ya kifundo cha mguu na kukuuliza kama unausikia mtetemo. Mwache achukue muda wake. Kisha omba rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, Muhimbili kule Dar es Salaam au KCMC kule Moshi, na ombi la MRI ya ubongo pamoja na uti wa mgongo wote wa shingo na kifua, kwa dawa ya kung'arisha picha. Kama una mimba au figo zina shida, waambie kabla ya dawa hiyo. Ukiwa na bima, uliza mapema kama MRI inahitaji kibali, usije ukasafiri ukarudishwa dirishani.

Mtu anaweza kukuambia ufanye CT scan kwa sababu ni rahisi na ipo karibu. CT inaonyesha damu na uvimbe mkubwa, kwa hiyo ina kazi yake, lakini makovu ya MS mara nyingi haiyaoni. CT safi haijaondoa kitu. Nimeona watu wakipoteza miaka kwa karatasi iliyoandikwa "kawaida".

Kwenye MRI tunatafuta mambo mawili: makovu yaliyo mahali tofauti, na yaliyotokea nyakati tofauti. Ndicho kiini cha vigezo vinavyoitwa kwa jina la Ian McDonald, vilivyotoka mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni 2024, ambapo mshipa wa jicho nao umehesabiwa kuwa mahali mojawapo. Kovu lililo hai hung'aa kwa ile dawa, la zamani haling'ai. Ukikuta yote mawili kwenye picha moja, nyakati mbili zimejithibitisha. Pale picha isipotosheleza, maji ya uti wa mgongo husaidia. Humo hutafutwa mistari ya kingamwili ambayo haimo kwenye damu, na vigezo vya sasa vinaikubali mistari hiyo mahali pa ushahidi wa wakati.

Najua sindano ya mgongoni inaogopwa. Utaambiwa fulani alichomwa akapooza. Sikiliza: uti wa mgongo wenyewe huishia juu, usawa wa mbavu za mwisho au chini yake kidogo. Sindano huingia chini zaidi, usawa wa mifupa ya nyonga, ambako kuna nyuzi tu zinazoelea ndani ya maji. Ncha ikizikaribia, zinasogea. Unalala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, unapigwa ganzi ya ngozi, na maji yanadondoka tone tone kwenye vichupa. Baadhi ya watu huumwa kichwa siku mbili tatu wakisimama, wakilala kinatulia. Wanaopooza mara nyingi ni wale waliofika tayari na ugonjwa uliokuwa unawapoozesha, sindano ikabeba lawama.

Neno moja kuhusu dawa kabla hujapata majibu. Shambulio zito hutibiwa kwa steroidi ya dozi kubwa, kwa kawaida methiloprednisoloni gramu 1 kwa dripu kila siku kwa siku 3 hadi 5. Huharakisha kupona. Usikubali vidonge vichache vya prednisoloni vya duka la dawa "kutuliza mishipa". Mwaka 1992 utafiti ule ule wa jicho ulionyesha kwamba dozi ndogo ya vidonge peke yake iliongeza uwezekano wa jicho kuugua tena, na hapa kwetu inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala na kuvuruga vipimo. Kama ni MS, baadaye zipo dawa za kuzuia mashambulio mapya. Ya kwanza ilipitishwa Marekani mwaka 1993. Leo ni zaidi ya 20. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, mojawapo rituksimabu, ambayo tayari hutumika kutibu baadhi ya saratani za damu na tezi, na ambayo hufaa hata kwa NMO. Hupimwa kwanza homa ya ini B na kifua kikuu. Ni gharama, sitakuficha, lakini kovu lililozuiwa halihitaji kutibiwa, na miaka ya mwanzo ndiyo dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi.

Kuhusu mama mkubwa, usigombane naye. Anaona unaugua na anatafuta jina la kuupa ugonjwa, kama sisi sote. Akitaka usomewe dua, usomewe. Nakuomba tu mambo mawili: usichanjwe wembe mgongoni wala miguuni, maana ngozi yenye ganzi haikuambii kidonda kikioza, na usinywe kombe wala mizizi badala ya kusafiri. Ukipenda, nenda naye kliniki. Mtu aliyekuona ukianguka jikoni hukumbuka siku ambazo mgonjwa mwenyewe amezipoteza.

Leo jioni chukua daftari moja la watoto. Ukurasa wa kwanza andika jicho: lilianza lini, kulia au kushoto, liliumaje, lilichukua siku ngapi kupona, limerudi sawa au rangi bado zimefifia. Ukurasa wa pili andika ganzi, na chora mwili wa mtu uonyeshe ilipanda mpaka wapi, kila siku mstari mmoja. Ukurasa wa tatu uache wazi, ukae na mumeo au dada yako mrudi nyuma miaka mitano: kizunguzungu gani, kwikwi gani, mguu uliokufa ganzi baada ya kujifungua. Bandika humo kadi zote, hata ya matone ya jicho. Tarehe usizozikumbuka zitafute kwa matukio. Kama ilikuwa siku ya tisa baada ya Idd, andika hivyo hivyo, tutaipata kwenye kalenda.